Chupa ya Afriti na Mtungi wa Bibi

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Thika, akishaipita Ruiru, huikuta Juja. Jina hilo lina kisa chake. Husimuliwa kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 tajiri wa Kimarekani, William Northrup McMillan, aliyekuwa na shamba kubwa hapo na aliyemkaribisha Theodore Roosevelt mwaka 1909, alikuja na sanamu mbili kutoka Afrika Magharibi, moja ikiitwa Ju na ya pili Ja. Watu waliziogopa kwa nguvu za ajabu walizodai zinazo, mwisho zikafukiwa ardhini. Sanamu zimekwenda zake, jina limebaki.

Leo Juja ni mji wa elimu. Chuo cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kilianza hapo mwaka 1981 kwa msaada wa Japani, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Vijana husoma kemia na kompyuta, na wakipumzika, kama wenzao wa kila mahali, wako wachezao michezo iliyojaa majini na vitu vya miujiza. Wazee wetu huguna: "Mambo ya Kizungu hayo!"

Hapo sikubaliani nao. Mchezo ulioizaa mingine ya namna hiyo, Dungeons & Dragons, ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapishwa Marekani mwaka 1974. Tazama vilivyomo: zulia lirukalo, chupa yenye afriti ndani, mkoba usiojaa, mtungi usiokwisha maji. Afriti ndani ya chupa! Nani wa Lamu, Mvita au Unguja asiyemjua tangu mapajani mwa bibi yake, katika hadithi za Alfu Lela Ulela? Mali ni yetu na ya jirani zetu wa ng'ambo ya bahari. Wenzetu wameitia bei, nasi twainunua kama kitu kigeni.

Na yafaa tuangalie jambo moja. Vitu hivyo aghalabu ni vyombo vya nyumbani. Mwenye kuota mtungi usiokwisha ni yule aliyechoka kuteka maji kisimani. Mwenye kuota mkoba usiojaa ni yule aliyebeba mizigo.

Lakini bibi zetu hawakuishia kuota. Maji waliyatia katika mtungi wa udongo uliofukizwa ubani, yakanukia na kuwa baridi. Baridi ile si muujiza: maji hupenya kidogo kidogo katika udongo, yakawa mvuke, na mvuke huondoka na joto. Sinia ya shaba waliisugua kwa ndimu na majivu. Uchachu wa ndimu huila kutu, majivu yakasugua. Karafuu waliziweka katika sanduku la nguo, maana mafuta yake huwachukiza wadudu. Mwanafunzi wa kemia pale Juja ataweza kulieleza kila moja ya haya ubaoni, lakini huenda hajapata kuambiwa kwamba nyanya yake aliyajua.

Pako wasemao kuwa michezo hii ni shirki. Shirki ni kuamini kwamba sanamu, pete au hirizi ina uwezo wake wenyewe pasi na Mwenyezi Mungu, na hilo hatulikubali, iwe Juja au Mambrui. Hadithi ijulikanayo kuwa ni hadithi ni jambo jingine, na ndimu ni ndimu.

Basi nawaambia vijana wajuao kompyuta, wa bara na wa pwani: tungeni mchezo wenu. Utieni mbuzi wa kukunia nazi, kinu, chetezo na mtungi, na kila chombo kipeni ajabu yake pamoja na kazi yake ya kweli. Nanyi wenye nyumba, chukueni daftari mkawaulize bibi zenu wangali hai. Chupa ya afriti imekwisha kuandikwa na wengine. Siri za mtungi wa bibi zisipoandikwa nasi, zitafukiwa pamoja naye, wala hapatabaki hata jina.