Toleo Jipya Si Kinga

Mwandishi aliyedai kwamba kutunza matawi ya matoleo thabiti, yaani matoleo ya zamani yanayoendelea kupewa marekebisho tu, ni kupoteza muda, na kila mtu ahamie toleo la karibuni, angetazama kwanza yaliyotokea Machi 2024. Programu ya kubana mafaili, xz, ilikutwa na mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1, mapya kabisa. Aliyeugundua, Andres Freund, alishangaa tu kwa nini kuingia kwenye kompyuta kwa ssh kunachelewa nusu sekunde. Waliokimbilia toleo jipya ndio walioupokea. Toleo thabiti la Debian, lililobaki na xz ya 5.4, halikuguswa.

Anasema pia matawi haya hufuga makosa ya zamani. Hapo nakubaliana naye nusu: kiraka kisiporudishwa kwenye toleo la zamani, tundu hubaki wazi. Lakini kwenye matawi thabiti ya kerneli ya Linux kanuni haina mzaha. Marekebisho yawe yameshaingia katika mti mkuu wa msimbo wa Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, tena yasizidi mistari 100. Rekebisho la ukubwa huo mtu anaweza kulisoma lote kabla ya kuliweka. Toleo jipya lenye maelfu ya mabadiliko analisoma nani? Mwenye seva ya hospitali anataka tundu lizibwe leo, na mashine za maabara ziendelee kuongea nayo kesho.