Getembe, Mji wa Nabii Sakawa na Omongina Moraa

MSOMAJI mpenzi, ukisikia watu wakitaja miji mitakatifu ya kale, bila shaka mawazo yako hukimbilia Yerusalemu, Makka au labda Lalibela kule Ethiopia. Ni miji yenye manabii wake, mashujaa wake na wakosaji wake, na kila jiwe lina kisa. Juma hili nakualika tuzuru mji ambao huenda hujawahi kuutia katika orodha hiyo. Mji wenyewe ni Kisii.

Najua utacheka. Utaniambia Kisii ni mji wa ndizi, sanamu za mawe ya Tabaka, matatu zinazopigiana honi na mvua ya alasiri. Hayo ni kweli. Lakini kabla ya kuitwa Kisii, mahali hapa paliitwa Getembe, na wazee wa Abagusii hawapazungumzii kama uwanja mtupu ambao Mzungu aliuokota. Wao husema palitabiriwa.

Nabii anyosha kidole

Aliyepatabiri ni Sakawa, ambaye wengine humwita Sakagwa. Aliishi Kitutu katika nusu ya pili ya karne ya 19. Alikuwa omoragori, yaani mpiga ramli, na sifa zake zilivuka mipaka ya ukoo wake.

Yasimuliwa kwamba Sakawa aliwakusanya watu Getembe wakati ambapo hapakuwa na duka wala ofisi. Akatembea huku na huku akiwaonyesha kwa kidole: hapa patakuwa na nyumba za askari, pale patajengwa hospitali. Akawaambia kuwa watakuja watu weupe, na kwamba vijana wa Gusii watanyang'anywa mikuki yao. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, akaondoka duniani. Wafuasi wake wengine walikataa kwamba alikufa. Kwao alikuwa ametoweka tu, na siku moja angerudi.

Iwapo wewe ni mtu wa kudai ushahidi, una haki. Masimulizi haya yaliandikwa baadaye, mji ukiwa tayari umesimama. Lakini usiyatupe kwa sababu hiyo. Mnamo 1907 Waingereza walianzisha kituo chao cha utawala papo hapo Getembe, na baadhi ya watu wakapaita Bosongo, yaani kwa Wazungu. Kwa kumkumbuka Sakawa, wenyeji walikuwa wakisema hivi: mahali hapa palionwa na mtu wetu kabla ya kuonwa na mgeni.

Mwanamke aliyewatia wanaume haya

Wageni wenyewe hawakuingia kwa upole. Mnamo 1905 kikosi cha Waingereza kilishambulia Kitutu, watu wengi wakauawa kwa bunduki na mifugo yao ikaswagwa. Kidonda hicho hakikuwa kimepona kituo kilipofunguliwa miaka miwili baadaye.

Hapo ndipo anapoingia omongina Moraa. Huyu alikuwa mama wa makamo wa Kitutu, mjuzi wa dawa za miti shamba na mwenye kusikilizwa anapoonya. Inasemekana alipoona wanaume wamenyamaza, aliwatia haya hadharani. Aliwaambia kwamba ikiwa wao wanaogopa, basi wawape wanawake mikuki hiyo waende vitani, nao wabaki nyumbani.

Maneno hayo yalimchoma kijana aitwaye Otenyo. Wengine humwita mwanawe Moraa, wengine mpwa wake. Mnamo Januari 1908 Otenyo alimvizia afisa wa kituo, Geoffry Northcote, ambaye wenyeji walimwita Nyarigoti, akamchoma mkuki. Northcote alijeruhiwa lakini hakufa.

Jibu la serikali lilikuwa kali kupita kiasi. Askari wa King's African Rifles waliingia vijijini, wakachoma nyumba, wakachukua ng'ombe kwa maelfu na kuua watu kwa wingi. Hata Winston Churchill, ambaye wakati huo alikuwa naibu wa waziri wa makoloni huko London, aliposoma taarifa za idadi ya waliouawa aliuliza kama kweli kulikuwa na haja ya kuendelea kuwaua watu wasio na cha kujikinga nacho.

Otenyo alikamatwa na kuuawa. Wazee husimulia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza. Hadi leo jamii inadai kirudishwe kizikwe katika udongo wa Gusii, na hadi leo hakijapatikana.

Na Northcote je? Alipanda ngazi. Alikuwa gavana wa British Guiana kuanzia 1935, kisha gavana wa Hong Kong kati ya 1937 na 1941. Huko Hong Kong chuo cha kufunzia walimu kilipewa jina lake. Linganisha mwenyewe, msomaji. Aliyechomwa mkuki alipewa chuo, na aliyeuchoma hana hata kaburi kamili.

Wiki ambayo utabiri ulionekana kutimia

Mnamo 1913 kulizuka upande wa Alego, Nyanza, dini mpya iliyoitwa Mumbo. Mwanzilishi wake, Onyango Dunde, alisema joka kubwa lilitoka ziwani likamwagiza awahubirie watu kwamba Wazungu wataondoka. Habari hiyo ilipofika Gusii iliwakuta watu wanaomngoja Sakawa, na imani hizo mbili zikashikana mikono.

Mwaka mmoja baadaye ilikuwa kana kwamba neno limetimia. Mnamo Septemba 1914, vita vya kwanza vya dunia vikiwa vimeanza tu, Wajerumani walivuka mpaka kutoka Tanganyika na kuingia Kisii. Maafisa wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kuondoka. Tarehe 12 Septemba pande hizo mbili zilipigana vikali kwenye vilima vya mji huo.

Watu waliotazama waliona jambo moja tu: Mzungu ametoroka, kama ilivyonenwa. Wakavamia maduka, ofisi na misheni, ikiwemo ile ya Wakatoliki ya Nyabururu iliyoanzishwa 1911, wakabeba walichoweza. Furaha hiyo haikudumu. Wajerumani walirudi nyuma, Waingereza wakarejea na adhabu ikafuata. Miaka michache baadaye viongozi wa Mumbo katika Gusii walikamatwa na kupelekwa uhamishoni mbali na kwao.

Ukitaka kujua zaidi kuhusu Mumbo, tafuta kitabu Rural Rebels cha Audrey Wipper kilichotoka 1977. Kwa historia ya Abagusii kabla ya ukoloni, yupo Profesa William Ochieng' aliyechapisha kitabu chake 1974.

Gusii haikukoma kuzaa watu wa kutajwa. Simeon Nyachae, mwana wa Chifu Mkuu Musa Nyandusi, alizaliwa 1932 na kufariki Februari 2021 baada ya kuwa mkuu wa mkoa, katibu mkuu wa serikali na waziri wa fedha. Upande wa Nyamira alitoka George Anyona, mbunge aliyewekwa kizuizini 1977 bila kufikishwa mahakamani, akakamatwa tena 1982 na 1990, na bado hakunyamaza hadi alipofariki katika ajali ya barabarani 2003. Ukiniuliza, sauti ya Anyona ina mwangwi wa mama yule wa Kitutu.

Je, Moraa angeponea leo?

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo nilipotaka tufike.

Mtazame tena Moraa. Ni mwanamke aliyekwisha kula chumvi. Anajua mizizi na majani. Anasema mambo ambayo wengine wanaogopa kusema. Wazee wa zamani walimsikiliza, na leo watoto wetu husimuliwa habari zake kama shujaa.

Je, mama wa namna hiyo akiishi leo kijijini, atalala usingizi?

Mnamo Mei 2008 watu 11, wanawake 8 na wanaume 3, wengi wao wakongwe, waliuawa kwa kuchomwa moto katika eneo la Kisii wakisingiziwa uchawi. Mnamo Oktoba 2021, huko Marani, wanawake 4 wazee waliuawa na umati kwa madai yayo hayo. Kati ya miaka hiyo na baadaye wamekuwepo wengine. Neno ni lile moja, omorogi, mchawi. Likishatamkwa mbele ya umati, hakuna anayeuliza ushahidi.

Ukichunguza visa hivi utaona mambo matatu yakirudi. La kwanza ni msiba: kijana amefariki ghafla au mtoto anaugua, na jamaa wanatafuta wa kulaumiwa. La pili ni shamba: Kisii na Nyamira zina watu wengi na ardhi ni haba, na mjane mzee mwenye robo ekari ni kikwazo kwa mwenye tamaa. La tatu ni maradhi ya uzeeni. Mama anayepoteza kumbukumbu hutoka usiku asijue anakokwenda, akakutwa uani kwa jirani akijisemea peke yake. Huyo ni mgonjwa anayehitaji daktari, wala hakuenda kuroga.

Tunamsifu Moraa aliyekufa na kumwogopa Moraa aliye hai. Jamii inayodai kichwa cha Otenyo kirudishwe kutoka ng'ambo, na ina haki ya kudai, itasema nini kuhusu mama aliyechomewa ndani ya nyumba yake mwenyewe?

Ufanye nini wewe?

Kama una mzazi mkongwe kijijini, usimwachie mjakazi na Mungu pekee. Ukiona anasahau majina, anapotea njia au anazunguka usiku, mpeleke hospitali, kisha waeleze majirani wazi kwamba anaugua. Aibu ya kuficha ndiyo inayozaa uvumi.

Ukisikia jina la mtu likinong'onezwa matangani, usisubiri. Mwarifu chifu, polisi na wazee wa kanisa siku hiyo hiyo. Umati ukishawasha kiberiti, umechelewa. Na vijana, ukiitwa usiku kwenda "kusafisha kijiji", baki nyumbani na upige simu. Aliyesimama pembeni akitazama naye ana lake la kujibu.

Mambo ya shamba yaandikwe mapema, mwenyewe akiwa na akili timamu na mashahidi wakiwepo. Hati ikiwa wazi, mwenye tamaa hana sababu ya kubuni uchawi.

Mwisho, chukua daftari. Keti na nyanya yako, magokoro kama wasemavyo Gusii, umwulize habari za Sakawa, za Moraa, za vita vya Getembe. Andika jina lake, kijiji chake na tarehe. Watoto na wakisikilize pia. Mtoto aliyekaa miguuni pa nyanya akisimuliwa habari hizi hatakuwa mwepesi wa kumwita mkongwe yeyote mchawi.

Waswahili husema penye wazee haliharibiki neno. Basi tuwaache wazee wetu waishi ili neno lisiharibike. Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.