SAFARI NA MASAFA: Saa Saba Hazitufikishi Dar es Salaam



Wasomaji wetu wapenzi, mara nyingi tumeulizwa: kutoka London hadi Dar es Salaam ni mwendo gani? Kwa hesabu ya ramani jibu ni jepesi. Baina ya kiwanja cha ndege cha Heathrow na kile cha Julius Nyerere pana kilomita 7,500 hivi. Ndege kubwa ya abiria hukata kiasi cha kilomita 900 kwa saa. Basi, pamoja na kupaa na kutua, safari isiyokatika huhitaji saa tisa hadi kumi.

Lakini wengi wetu hatuipiti njia hiyo. Anayepitia Doha huelekea kwanza mashariki kwa muda wa saa saba kasoro, hungoja, kisha hushuka kusini saa sita nyingine. Masafa yake hukaribia kilomita 9,000. Tukiongeza saa tatu za kutangulia kiwanjani, kungoja ndege ya pili na foleni ya pasipoti, siku nzima imekwisha.

Tumeyahesabu haya kwa ajili ya jambo moja, nalo ni habari ya msiba. Tuseme simu imelia hapa saa kumi na mbili asubuhi, majira ya baridi. Dar es Salaam imetutangulia kwa saa tatu, hivyo huko ni saa tatu asubuhi. Maziko ni baada ya sala ya alasiri, saa kumi ya kwao, ambayo kwetu ni saa saba mchana. Zimebaki saa saba tu. Hata ndege ingetungoja mlangoni, tusingewahi.

Mwenzetu mmoja aliomba mama yake asizikwe mpaka afike. Wazee walimhurumia, wakangoja. Ndege ya kwanza ikachelewa, ya pili ikamwacha. Akafika siku ya tatu. Hadi leo hajilaumu kwa kuchelewa kwake, bali kwa kumchelewesha mama.

Dini imetuhimiza kuharakisha maziko. Kwa hiyo aliye mbali na awape jamaa zake ruhusa ya kuzika, yeye asali sala ya ghaibu, inayojuzu katika madhehebu ya Shafi, kisha aende kuhani kwa utulivu.

Zaidi ya hayo, tusiingoje simu hiyo. Pasipoti zisiachwe zikaisha muda, na nauli iwekwe kidogo kidogo, ili tuwaendee wazee wetu wangali wakizitambua sauti zetu. Mzee akisema kwa simu, "Sijambo, ni kikohozi tu," hapo ndipo pa kukata tiketi.

Wabillahi tawfiq.