Kampuni kuwa changa si kisingizio cha kukunyima haki

KWENYE Instagram mahali pale panapendeza. Mashine ya kuchapisha 3D inafanya kazi, bodi za saketi zimepangwa mezani, vijana wamevalia makoti meupe, na chini pameandikwa kwamba Kenya sasa inaunda vifaa vyake yenyewe. Ukipata kazi hapo unapigia watu wa nyumbani simu hata kabla hujauliza mshahara ni ngapi.

Miezi mitatu baadaye, saa nne usiku, bado umeinama juu ya meza ya solda, macho yanawasha kwa moshi. Chipu kutoka Shenzhen ziliagizwa kwa kuchelewa, kisha zikakwama uwanja wa ndege kwa sababu hakuna aliyetenga pesa za ushuru. Sasa mteja anataka mita 300 za maji kufikia Ijumaa. Jana bosi alibadilisha muundo wa bodi bila kumwambia fundi wa majaribio, kwa hivyo nyingi kati ya ulizounda leo hazifanyi kazi. Kesho kwenye mkutano utaambiwa huo ni uzembe wako. Na mshahara wa mwezi jana? "Tuvumiliane kidogo, sisi hapa ni familia."

Kama umejiona hapo, makala haya ni yako.

Kwanza tuseme ukweli: kazi hizi tunazitaka. Mwaka 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilifunguliwa Athi River. Kule Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kuna kampuni ya semikondakta. Na mbali na hizo kubwa zinazojulikana, kuna karakana ndogo za watu watano, kumi au ishirini zinazounda taa za sola, vifaa vya kufuatilia magari na vipuri vya plastiki. Ni hizi ndogo tunazozungumzia leo.

Karakana ndogo ina uzuri wake. Katika kiwanda kikubwa unaweza kukaza skrubu moja mwaka mzima. Kwenye ndogo utaagiza vipuri, utapiga solda, utapima, utaenda Kitengela kumwekea mteja kifaa, na kikiharibika utapigiwa simu wewe. Ukitoka chuo cha kiufundi, mwaka mmoja hapo unakukomaza. Shida ni kwamba bosi mbovu pia anajua hivyo, na anaanza kukulipa kwa uzoefu badala ya pesa. Lakini landilodi hapokei uzoefu.

Hapa ndipo vijana wengi hukosea hesabu. Tunadhani uchanga wa kampuni na usimamizi mbovu ni kitu kimoja, kwa hivyo tunavumilia yote tukisubiri kampuni ikue. Si kitu kimoja. Kampuni changa inaweza kukosa pesa. Bosi mzuri atakuita mapema akwambie mteja hajalipa, akueleze mshahara utaingia lini, na siku hiyo ufike kweli. Bosi mbovu huzima simu tarehe 30, kisha tarehe 2 unamwona mtandaoni akipiga picha na wawekezaji kwenye maonyesho, ameshika kifaa ulichokiunda wewe.

Mara nyingi bosi wa aina hii si mtu mbaya. Ni mhandisi hodari aliyebuni kitu kizuri, lakini hajawahi kufunzwa kuongoza watu. Anaweza kukwambia kwa nini saketi inapata joto, ila hawezi kukwambia nani anaagiza vipuri, nani ana ruhusa ya kubadilisha muundo, wala utaratibu wa majaribio umeandikwa wapi. Kila kitu kiko kichwani mwake, au kichwani mwa fundi mmoja. Siku fundi huyo akienda, kampuni nzima inasimama. Unaweza kumhurumia bosi kama huyo, lakini usilipie makosa yake kwa mshahara na mapafu yako.

Sheria nayo haijali kama kampuni ni changa au kongwe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba ulioandikwa, na ni jukumu la mwajiri kuuandaa. Kama hukupewa, usidhani huna lako. Kesi ikifika kortini na mwajiri ashindwe kutoa mkataba, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unamwangukia yeye. Kipindi cha majaribio hakizidi miezi sita. Kinaweza kuongezwa miezi sita mingine, lakini kwa makubaliano nawe. Kwa hivyo yule anayekuweka "kwa majaribio" mwaka wa pili anakuchezea. Una haki ya siku moja ya mapumziko kila wiki, na angalau siku 21 za likizo yenye malipo kila mwaka.

Kisha angalia makato. Hati ya mshahara inaonyesha umekatwa NSSF, asilimia 2.75 ya SHA na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba. Je, pesa hizo zimefika? Usingoje siku umempeleka mtoto hospitalini ndipo ujue. Bonyeza *147# uone hali yako ya SHA, na uangalie taarifa yako ya NSSF. Mwajiri anayekukata na kukaa na hizo pesa hawezi kusema anajikuza kibiashara. Amechukua pesa zako.

Usalama pia. Moshi wa solda unaumiza njia ya hewa, na solda yenye risasi ni sumu. Kukuwekea feni ya kuvuta moshi, miwani na glavu ni wajibu wa mwajiri. Ukiumia kazini, sheria ya fidia ya mwaka 2007 inakulinda hata kama kampuni ina watu watatu tu.

Najua utakachosema. "Nikiuliza hayo nitafutwa, na huko nje kuna vijana wengi wanaingojea nafasi yangu." Ni kweli, na hatukwambii uende kesho asubuhi ukabishane na bosi. Tunakwambia ujipange.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi yako ni mali. Kila siku andika saa uliyoingia na uliyotoka. Hifadhi barua ya kuajiriwa, ujumbe wa M-Pesa wa mshahara na maagizo ya kazi uliyotumiwa WhatsApp. Bosi akibadilisha muundo kwa mdomo, mtumie ujumbe mfupi wa heshima: "Bosi, nathibitisha umesema tubadilishe kipuri hiki kuanzia leo." Bodi zikikataa, hutakuwa na haja ya kugombana. Andika pia ujuzi uliopata, kwa sababu huo ndio utakaoubeba ukiondoka. Lakini michoro na programu za kampuni usiondoke nazo. Zitakuharibia jina katika sekta ndogo ambapo watu wote wanajuana.

Halafu jiwekee tarehe. Kama mambo hayajabadilika kufikia siku hiyo, anza kutafuta kwingine ukiwa bado kazini. Ukipata, toa notisi ya maandishi. Kwa anayelipwa kila mwezi, sheria inasema siku 28 kama mkataba hausemi zaidi. Dai cheti cha utumishi, ni haki yako. Kama unadai mshahara, ofisi ya afisa wa leba iko karibu kuliko unavyodhani, na una miaka mitatu ya kufungua kesi ya madai.

Na wewe unayefungua karakana yako mwenyewe, kwa maana wako wengi wanaosoma hapa: huhitaji idara ya wafanyakazi. Unahitaji mkataba wa kurasa mbili, ratiba ya ununuzi, daftari la mabadiliko ya muundo, na ujasiri wa kuwaambia watu wako ukweli pesa zinapokosekana. Vijana watakesha nawe wakijua kwa nini wanakesha na watalipwa lini.

Tunataka kifaa kilichoandikwa kwamba kimeundwa Kenya. Lakini kikiundwa na kijana asiyelipwa, asiye na mkataba na anayevuta moshi usiku kucha, hatuna la kujivunia. Leo jioni, kabla hujalala, tafuta mkataba wako. Kama haupo, sasa unajua pa kuanzia.