Meza ya Karata: Dau Ukishaliweka Si Lako Tena

Safari hii tuzungumzie poka, mchezo ambao vijana wetu wengi wanakutana nao chuoni na kazini huku ugenini. Aliyezoea karata za nyumbani hutafuta turufu. Poka ya Texas Hold'em haina turufu, na mgeni huliwa zaidi katika viti viwili vilivyo kushoto kwa mgawaji.

Kiti cha kwanza hulipa dau dogo la lazima na cha pili dau kubwa, kabla hata ya kuona karata. Tuseme ni pauni 1 na pauni 2. Kila meza ikizunguka, umetoa pauni 3. Ukitupa karata zako kila mara katika viti hivyo, mizunguko 100 itakugharimu pauni 300. Hata wachezaji hodari hupoteza wakikaa hapo kwa muda mrefu. Shabaha yao ni kupoteza kidogo: aliyepoteza 200 badala ya 300 amecheza vizuri.

Kosa kubwa ni kusema, "Nimeshaweka pauni 2, siwezi kuziacha." Maji yakimwagika hayazoleki. Pauni zile sasa ni za meza. Swali ni moja tu: pesa ninayoombwa sasa inanunua nini?

Tupige hesabu. Aliye kwenye kiti cha mgawaji ameongeza dau hadi pauni 5, na mwenye dau dogo ametupa karata. Mezani kuna 5, na 2 zako, na 1: jumla 8. Wewe unaombwa 3 ili ugombee 8. Ukifuata zitakuwa 11, kwa hiyo unahitaji kushinda kama mara 27 katika 100. Mwenye dau dogo angeombwa 4 ili agombee 8 zilezile, yaani mara 33 katika 100, na bado wewe uko nyuma yake, unaweza kuongeza. Ndiyo maana kiti cha dau dogo ndicho kigumu zaidi. Hapo tupa karata nyingi, na ukiwa na nzuri, mara nyingi ni afadhali kuongeza kuliko kufuata tu.

Hesabu hiyo ina mtego. Zikishafunuliwa karata tatu za mezani, viti hivi ndivyo hutangulia kusema, na mwenzako husubiri akuone. Kwa hiyo ongeza tahadhari kidogo juu ya zile 27. Kopa 10 na kopa 9 zinafaa kufuatia, kwa sababu zinaweza kujenga mkono mkubwa. Ree na 4 za aina tofauti hupendeza macho, lakini aliyeongeza dau akiwa wa kwanza kusema huenda ana ree yenye mwenza mkubwa kuliko 4 yako. Huyo mwachie. Aliyeongeza kutoka kiti cha mgawaji huwa na karata za kila namna, kwa hiyo mkabili zaidi. Na dau likiongezwa sana, fuata mara chache.

Wazazi, haya yanawahusu. Anayefuata kwa sababu "nimeshaweka" ndiye yuleyule anayebaki mezani usiku kucha akikimbiza kodi ya nyumba iliyokwisha kwenda. Kijana akijifunza kutupa karata bila kinyongo, amejifunza pia kuinuka.

Kujifunza hakuhitaji pesa. Gawa maharage 100 kwa kila mtu: dau dogo harage moja, dau kubwa mawili. Wenzetu wa Oman wanajua kamari huko imekatazwa na sheria, na Uingereza kasino ni za waliotimiza miaka 18. Na kwa wanaoiepuka kamari kwa ajili ya dini, maharage yarudi jikoni mchezo ukiisha, bila mshindi wala mwenye deni.