Mbwa, Najisi na Rehema

Ndugu Waislamu, pale mwaloni Kirumba, Mwanza, mbwa hufuata matumbo ya samaki, nasi tumezoea kuwaona watoto wa madrasa wakiwarushia mawe, eti ni najisi. Hoja dhaifu! Wanazuoni wamekhitalifiana hata juu ya unajisi wenyewe: Imamu Shafii aliuthibitisha, Imamu Malik hakuuona kwa mbwa aliye hai. Kumtesa hakuna aliyekuhalalisha. Mtume (s.a.w.) alitusimulia mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Na afugaye wa ulinzi, kisha akaona haya kumpeleka kwenye chanjo, amekosea zaidi: kichaa cha mbwa, dalili zikishadhihiri, hakina tiba. Mtoto aking'atwa, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.