Maji Yapoteayo ni Mali ya Nani?

Msomaji, ukipita njiani katika mji wa Homa Bay au Migori, ukaona maji yanabubujika kutoka katika bomba lililopasuka, wafanyaje? Wengi huruka kidimbwi, wakasema, "Hiyo ni kazi ya kampuni," wakaenda zao. Neno hilo ndilo nilipingalo.

Homa Bay i ukingoni mwa Ziwa Victoria, na Migori i kando ya mto wa jina lake. Lakini maji hayo hayanyweki mpaka yavutwe kwa pampu, yachujwe na kutiwa dawa, na yote hayo kwa fedha. Piga hesabu: ufa ujazao mtungi wa lita 20 kwa dakika moja humwaga mitungi 1,440 kwa siku. Tena maji yakikatika bombani, ufa ule ule hufyonza uchafu. Na kaunti hizi mbili, zilizopatwa na kipindupindu mwaka 2015, zajua maana ya maji machafu.

Utasema, "Nikitoa habari, haji mtu." Kweli, ofisi isiyoitika yastahili lawama. Lakini yawezaje kulaumiwa kwa jambo isiloambiwa? Mafundi ni wachache. Wapita njia ni maelfu. Basi toa habari: taja mtaa na alama iliyo karibu, uandike tarehe. Wasipokuja, rudi pamoja na wenzako. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yatupa haki ya kupata maji safi ya kutosha. Haki haitetewi kwa kunyamaza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.